Uzi: Timu ya wavu wanawake chuoni kwetu Mbeya, msimu huu tunaanzia kwenye mapokezi ya mpira

Dada wa Wavu

Wakuu, habari za jioni, na poleni na vumbi mlioko Mbeya, mvua bado zinatusubirisha.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea wa timu ya wanawake ya mpira wa wavu katika chuo kimoja hapa mjini. Chuo sikitaji, maana nitakayoyasema yanatuhusu wenyewe na sitaki mabinti wasumbuliwe. Mchana nina shughuli zangu Mwanjelwa, saa kumi na moja kasoro niko uwanjani. Huu ni mwaka wangu wa nne. Wanafunzi wamerudi kutoka fildi, wa mwaka wa kwanza wameshapokelewa, na tuna wiki nane kabla ya mechi ya kwanza. Nataka tujadiliane jinsi ya kuzitumia, lakini kwanza niwasimulie yaliyotukuta msimu uliopita.

Tulisafiri kwenda Iringa na wachezaji 10. Tulikuwa na wapigaji wawili ambao hata wanaume wa chuoni walikuwa wanasimama kuwaangalia. Miezi yote ya maandalizi tulipiga smashi, ile mipira ya kugonga kwa nguvu juu ya wavu. Binti akifika uwanjani anakimbilia foleni ya smashi, na mimi niliacha iwe hivyo kwa sababu walikuwa wanafurahi na watazamaji wanapiga makofi. Tuna binti mmoja, wakati ule alikuwa mwaka wa pili, urefu wake sentimita 154. Smashi hapigi. Ila mpira ukimjia, uwe wa kasi namna gani, anaupokea na unakwenda kichwani kwa seta, yule anayewainulia wapigaji, kama umewekwa kwa mkono. Yeye ndiye libero wetu, mchezaji wa nyuma ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira.

Mechi ya pili, refa anakagua jezi. Akaniuliza libero wenu ni nani. Nikamwonyesha. Amevaa bluu, sawa na wenzake wote. Refa akatikisa kichwa, akasema bila jezi ya rangi tofauti hakuna libero, acheze kama mchezaji wa kawaida au akae benchi. Kosa lilikuwa langu. Fedha za jezi zilipopatikana niliagiza seti moja ya rangi moja, libero sikumfikiria.

Basi ikabidi acheze kama wengine, azunguke nafasi zote, nyuma na mbele. Akifika mbele namtoa, akirudi nyuma namwingiza, na mnajua aliyeanza seti akitoka anaruhusiwa kurudi mara moja tu katika seti hiyo. Kufikia katikati ya seti hesabu imekwisha, yuko benchi amejifunika taulo miguuni. Wenzetu wakaona. Wakaanza kusevu, yaani kupiga mpira wa kuanzisha, wote upande ule ule, kwa mpigaji wetu mrefu wa kushoto, ambaye hakuwahi kufundishwa kupokea. Seti ya tatu tukalala 25-11. Nilihesabu kwenye karatasi yangu, pointi 9 zilitokana na sevu moja kwa moja. Wale wapigaji wetu wawili walipata mipira mitatu ya kupiga seti nzima.

Kwa hiyo msimu huu nimeamua nusu ya kila zoezi ni mapokezi, hadi wiki ya nne. Mabinti wengine wananung'unika. Wenzangu, mnaonaje?

Mzee wa Forest

Dada, pole na hongera kwa kujitolea, watu wa namna yako ni wachache. Lakini niseme ukweli ninaouona. Wavu ni urefu. Wavu wa wanawake uko mita 2.24, binti wa sentimita 154 atafanya nini pale mbele? Nenda kwenye madarasa ya mwaka wa kwanza, tafuta wasichana wa sentimita 175 kwenda juu, wafundishe smashi na bloku, ile ya kuzuia mpira juu ya wavu. Mapokezi yatakuja yenyewe kadiri wanavyocheza.

Dada wa Wavu

Mzee wangu shikamoo. Ndivyo nilivyofanya miaka mitatu, na mapokezi hayakuja yenyewe. Mrefu asiyefundishwa kupokea anasimama wima, miguu imenyooka, mpira unampiga mikononi na kwenda kwenye migomba ya jirani. Seta anakimbia kuufuata, anaurudisha juu juu tu, na yule mrefu wa pili anabaki kuusukuma kwa vidole kwenda ng'ambo. Urefu naupenda sana, lakini usipopokea mpira, urefu ule unautumia saa ngapi?

Na ulipotaja mita 2.24 umenikumbusha jambo lingine. Jumatatu nilikwenda na futi ya fundi nikapima wavu wetu. Katikati ulikuwa mita 2.36! Wanaume wanafanya mazoezi kabla yetu, wavu wao ni mita 2.43, wakiondoka wanaulegeza kidogo na sisi tunaingia. Wasichana wangu wamekuwa wakipigia wavu usio wa wanaume wala wa wanawake, na mimi nawagombeza kwa nini mpira unagonga kamba. Sasa nimefunga utepe mwekundu kwenye mabomba yote mawili palipo na alama ya wanawake. Hatuanzi hadi kapteni apime.

Binti Kihesa

Kamwene dada! Mimi nilichezea chuo hapa Iringa miaka mitatu, nafasi ya kushoto. Nakuunga mkono kabisa.

Mwalimu wetu alikuwa na zoezi moja tulilolichukia mno. Ukuta. Kila mtu na mpira wake, au wawili wawili kama mipira haitoshi, unasimama hatua tatu kutoka ukutani na kupiga pasi ya mikono bila mpira kudondoka. Hamsini. Ukidondosha ya arobaini na tisa unaanza moja. Ukuta hauna urafiki, ukiupelekea mpira mbovu unakurudishia mbovu. Wiki ya kwanza mikono ilivimba hadi kushika kalamu ikawa kazi. Wiki ya tatu nikagundua sitazami tena mikono yangu, natazama mpira tu, na miguu inakwenda yenyewe.

Jambo dogo ambalo wengi hawalisemi: anayepokea vizuri anasogea kabla, halafu anasimama. Anayepokea vibaya anapokea huku bado anakimbia. Ukitazama miguu ya wachezaji wako badala ya mikono utajua nani ni nani ndani ya dakika tano.

Refa Mstaafu

Habari za leo wanamichezo. Nimepuliza filimbi miaka mingi Nyanda za Juu Kusini na suala la jezi ya libero nimekutana nalo mara nyingi. Nafasi hii iliingizwa mwaka 1998 makusudi ili wachezaji wafupi wenye mikono mizuri wapate mahali katika mchezo. Kinachotakiwa ni jezi inayotofautiana waziwazi na ya wenzake. Kijani na bluu iliyoiva, jioni, refa hawezi kuzitofautisha. Chukua njano au nyeupe.

Kumbukeni pia kwamba libero anaingia na kutoka kwa wachezaji wa nyuma bila kuhesabiwa katika zile nafasi 6 za kubadilisha kwa kila seti. Dada, hapo ndipo ulipoumia. Hasevu, habloku, wala hajaribu kubloku. Na kuna mtego unaozinasa timu za vyuo kila mwaka: libero akiinua mpira kwa vidole akiwa mbele ya mstari wa mita 3 kutoka wavuni, mpigaji haruhusiwi kuupiga mpira huo ukiwa juu ya wavu. Akiuinua kwa mikono ya chini, ruksa. Mfundishe binti yako mapema, asije akainua pasi nzuri kwa vidole na pointi ikaenda kwa wapinzani.

Kuhusu wavu, pima katikati, kisha pima juu ya mistari ya pembeni. Pembeni kote kuwili kuwe sawa, na kusizidi kipimo kwa zaidi ya sentimita 2. Nyavu zetu nyingi zimelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Dada wa Wavu

Ndaga fijo, mwalimu. Hilo la vidole mbele ya mstari nilikuwa nalijua nusu nusu. Kesho nalifundisha.

Jezi nimeshaipeleka kwa fundi Mwanjelwa. Njano, namba 7. Amesema Ijumaa.

Muuguzi wa Rungwe

Jamani naomba niongelee magoti, maana wanamichezo hamyazungumzi hadi mtu abebwe. Wanawake wanaumia ule mshipa wa ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo uleule, na mara nyingi hakuna aliyemgusa. Anaruka, anatua mguu umenyooka, goti linaingia ndani, basi. Msimu umekwisha, na akikosa matibabu mazuri hata kupanda ngazi za hosteli kutamsumbua. Uwanja wa udongo uliokaukiana kama wa kwetu mwezi huu unazidisha tatizo, na raba za mtumba zilizoisha soli zinalizidisha tena.

Wafundishe kutua kabla hujawafundisha kuruka. Miguu miwili, magoti yamekunjwa, yanaelekea vidole vinakoelekea. Waanze kwenye kingo ya chini, kama ngazi moja, hawana haja ya stuli ndefu.

La pili ni damu. Binti anayetoka damu nyingi kila mwezi, anakula wali na chai, halafu anafanya mazoezi siku tano, atachoka na ninyi mtasema mvivu. Maharage, dagaa, mboga za majani, nyama ikipatikana, na limao au chungwa pembeni husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, wasubiri saa moja au mbili, maana chai inazuia. Anayesikia kizunguzungu aende akapimwe wingi wa damu, asipewe maneno.

Dada wa Wavu

Dada muuguzi, ahsante sana, na hili la kutua nimelifanya leo leo. Niliwapanga kwenye ngazi ya bwalo, mmoja mmoja, nikawapa mgongo. Nikasikiliza. Anayetua vibaya unamsikia: *pwaa*, kama gunia la mahindi linaloshushwa kwenye fuso. Anayetua vizuri husikii kitu ila soli ikikwaruza. Mpigaji wetu mrefu, yule niliyemwelezea, alitua *pwaa* mara sita. Ya saba akapiga kimya, wenzake wakamshangilia kana kwamba amefunga pointi ya ushindi.

Mama Mzazi

Mimi si mtu wa michezo, nimeingia humu kwa sababu binti yangu yuko chuo hapo Mbeya na ameniambia amejiunga na wavu. Naomba kuuliza bila ubaya. Mazoezi yanaisha saa ngapi, na anarudije? Giza linaingia mapema, na njia za kwenda kwenye vyumba vya kupanga hazina taa. Na masomo je? Baba yake anasema tumempeleka kusoma, akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, hatutaelewana.

Dada wa Wavu

Mama shikamoo, na nashukuru umeuliza hapa badala ya kumkataza binti kimyakimya, wengi hufanya hivyo na sisi tunashangaa mchezaji amepotelea wapi.

Tunaanza saa kumi na moja kasoro robo, filimbi ya mwisho ni saa kumi na mbili na robo, hata kama mchezo umenoga. Nilikuwa naongeza dakika kila siku, hadi siku moja mwaka juzi binti wawili walifukuzwa na vijana njiani wakiwa peke yao. Hawakudhurika, lakini mmoja aliacha mchezo na hakurudi. Sikumlaumu. Tangu hapo hakuna anayeondoka peke yake. Wanaokaa hosteli wanakwenda pamoja, wanaopanga mbali wanapakiana bajaji moja na mimi au kapteni tunabaki hadi dereva aseme amewashusha. Namba za simu za wazazi ninazo, na wewe nitakutafuta kupitia binti ili uwe na yangu.

Masomo: wiki mbili kabla ya mitihani ya kumaliza muhula tunapunguza hadi siku mbili kwa wiki, na wiki ya mitihani hatufanyi kabisa. Mwenye somo la kurudia anaanza na somo. Mwambie baba yake aje siku moja aketi pembeni atazame, atakaribishwa vizuri.

Mama Mzazi

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Nitamwambia.

Mgeni wa Mwaka wa Kwanza

Samahani dada, mimi nimetoka Mbalizi, niko mwaka wa kwanza. Shuleni nilicheza netiboli tu. Urefu wangu ni 158 na ninavaa hijabu. Naogopa kuja nikaonekana kituko. Mnapokea watu kama mimi?

Binti Kihesa

Njoo mdogo wangu! Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni akiwa na hijabu na suruali ndefu, dunia nzima inatazama. Na mtu wa netiboli tayari anajua kusimama ghafla na kudaka mpira wa juu bila woga. Hilo peke yake linachukua mwezi kumfundisha mtu mwingine.

Dada wa Wavu

Njoo kesho. Usinunue kitu. Vikinga magoti vya timu vipo pea nne, tunapeana zamu. Uliza mwalimu wa wavu ni yupi.

Kapteni wa Zamani

Nami nichangie upande wa mfumo. Dada, msimu uliopita mlicheza na seta mmoja au wawili? Timu nyingi za vyuo zinakimbilia seta mmoja kwa sababu ndivyo timu kubwa zinavyocheza. Seta mmoja ni mzuri mkiwa na mtu aliyekomaa. Wenzetu Kenya waliofika Olimpiki ya Athens mwaka 2004 walikuwa na Janet Wanja, apumzike kwa amani, aliyefariki Desemba 2024. Mtu wa namna ile hapatikani kwa wiki nane.

Dada wa Wavu

Tulicheza na mmoja, na hapo ndipo mapokezi mabaya yalipotuua mara mbili. Seta akiwa nyuma anatakiwa akimbie kuja mbele wakati sevu inakuja. Mpira ukipokewa vibaya unamkuta njiani. Msimu huu naanza na seta wawili wanaokaa mkabala, aliye mbele ndiye anayeinua. Tunapoteza mpigaji mmoja mbele, hilo nalikubali, lakini wapokeaji wanajua wakati wote mpira unapelekwa wapi: mbele, kulia kidogo ya katikati, mtu yuko pale amesimama anasubiri. Kwa timu inayojifunza kupokea, kuwa na shabaha isiyohama ni msaada mkubwa.

Mzee wa Forest, natumaini hujanikasirikia.

Mzee wa Forest

Marahaba mwanangu. Sijakasirika hata kidogo, nasoma kila siku. Bado nasema tafuteni warefu. Lakini hilo la pointi 9 za sevu limenikaa kichwani.

Fundi Mitambo wa Pwani

Niko Dar ila kwetu ni Tukuyu. Kama mtashuka pwani kwenye mashindano, zingatieni hewa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpira mliojaza huko kwa kipimo sahihi ukifika Dar unakuwa laini, kwa kuwa hewa ya nje huku ni nzito na inaubana. Upimeni upya kabla ya kupasha moto. Halafu ile sevu ya kuelea, isiyozunguka, huku inayumba zaidi kuliko huko milimani, kwa sababu hewa nzito inaushika mpira. Wapokeaji waliozoea Mbeya wataona mpira unawahama dakika ya mwisho. Fikeni siku moja kabla, mpokee sevu nyingi kuliko kitu kingine.

Dada wa Wavu

Mkuu, hilo sikuwahi kulisikia likielezwa, ila nililiona kwa macho. Kuna mwaka tulishuka Morogoro na mabinti wote walikuwa wanasema mpira wa huku una shetani. Ahsante. Nimeandika kwenye daftari: pampu na kipimo viwe ndani ya begi la mkono, si kwenye buti la basi.

Dada wa Wavu

Wiki ya tano, wakuu. Mvua imeanza na uwanja ni tope. Tumeomba bwalo la chakula, tumepewa kuanzia saa kumi na moja tukisogeza meza wenyewe na kuzirudisha. Bati ni la chini, smashi haiwezekani, sevu ya juu haiwezekani. Kilichobaki ni ukuta na mapokezi, kwa hiyo sasa hata wanaonung'unika hawana pa kukimbilia. Mvua ikipiga bati husikii filimbi, inabidi wapeane majina kwa kupiga kelele, "wangu! wangu!", jambo ambalo nimewaomba kwa miaka mitatu na hawakulifanya.

Yule wa Mbalizi alikuja. Jana alipiga pasi 50 ukutani bila kudondosha, wa tatu katika timu nzima kufika hapo.

Binti Kihesa

Nimetoa machozi jamani. Mpe hongera zangu.

Dada wa Wavu

Leo Jumamosi tumecheza mechi ya kirafiki na wenzetu wa chuo jirani. Mvua ilitupa nafasi tangu asubuhi, tukamwaga pumba za mbao kwenye madimbwi na kuchora mistari upya kwa chokaa.

Seti mbili za kwanza tuligawana. Seti ya tatu tulikubaliana iwe ya pointi 15. Tukiwa 12-12 wakaanza kusevu kwa yule mpigaji mrefu wa kushoto, kama walivyotufanya Iringa, habari zinasafiri. Mpira wa kwanza akasogea, akasimama, akaupokea chini kabisa, magoti yamekunjwa. Ukaenda juu, kulia kidogo ya katikati. Seta akauinua, na aliyepiga ni yeye mwenyewe. 13-12. Sevu ikawa yetu, wakapiga nje. 14-12. Wakairudisha inayofuata kwa nguvu pembeni kulia, na namba 7 wa njano akaruka kifudifudi akaweka kiganja chini ya mpira. Refa akasema umepona. Mpira ukapanda, seta wa pili akausukuma ng'ambo pasipokuwa na mtu. 15-12.

Jezi ya njano ina tope kuanzia kifuani hadi tumboni. Nilimwambia aniachie nikaifue, akakataa, amekwenda nayo hosteli.

Wiki mbili zimebaki. Jumatatu tunarudi ukutani.